Meza Kabla ya Mashine: Namna ya Kujenga Meza ya Kukatia Mabango na Vibao

Msafiri anayetoka Mlowo kuelekea Tunduma kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia husoma mji wetu kabla ya kuuingia. Vibao vya maduka, vya nyumba za wageni, vya maghala ya kahawa na mahindi, vya shule, zahanati na nyumba za ibada humwambia yuko wapi na huduma gani zinapatikana. Tangu Mkoa wa Songwe ulipoanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na Vwawa ikawa makao makuu yake, ofisi nyingi zimehitaji vibao vyenye majina mapya. Kuna pia mabango ya muda: ya mahafali, harusi, mikutano, mbio za Mwenge na maonesho ya Nanenane.

Kila bango na kila kibao ni kazi ya mikono ya mtu. Zamani mtu huyo alikuwa fundi wa rangi na brashi, aliyeandika juu ya bati au plaiwudi iliyoegemezwa ukutani. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa fleksi, yaani turubai la plastiki linalochapwa picha na maandishi, kwa stika, kwa karatasi ngumu za plastiki, na kwa alukobondi, ambayo ni ubao wa plastiki uliofunikwa alumini pande zote mbili. Vitu hivi havihitaji brashi. Vinahitaji kupimwa, kunyooshwa na kukatwa. Mali ilipobadilika, mahali pa kufanyia kazi napo palipaswa kubadilika. Hata hivyo, si ajabu hadi leo kumkuta kijana amepiga magoti sakafuni, ameukanyaga mwisho mmoja wa bango kwa mguu, na mkononi ana wembe.

Makala hii inaeleza namna ya kujenga meza ya kukatia mali hizo kwa mbao na vifaa vinavyopatikana katika maduka ya ujenzi ya kwetu. Imeandikwa kwa ajili ya fundi mmoja mmoja, kwa vikundi vinavyotarajia kuomba mkopo wa Halmashauri, na pia kwa mteja anayetaka kujua kwa nini bango lake lilikuja limepinda. Hoja yake ni moja: kabla ya kufikiria mashine, kikundi kifikirie meza. Mashine yoyote itakayonunuliwa baadaye, kazi yake itapita juu ya meza hiyo.

Hasara ya kukatia sakafuni

Hasara ya kwanza ni ya mali. Kosa la nyuzi moja tu katika kukata halionekani mwanzoni mwa mkato. Lakini likifika umbali wa mita 2, mstari unakuwa umepotoka kwa sentimita 3 na nusu. Fundi hulazimika kukata tena ili kunyoosha, na kila akinyoosha hupoteza kipande. Tuchukue mfano wa roli la fleksi lenye urefu wa mita 50. Likikatwa mabango ya mita 2 bila upotevu, hutoa mabango 25. Ikiwa kila bango linapoteza sentimita 10 za kunyoosha, roli hilo hilo hutoa mabango 23 tu. Mabango mawili yamepotea kabla ya fundi kulipa kodi ya chumba wala umeme.

Hasara ya pili ni ya mwili. Kazi ya kuinama na kupiga magoti saa nyingi huumiza mgongo, magoti na shingo. Maumivu hayo hayaji siku ya kwanza, nayo yakishakuja hayaondoki upesi. Aidha, anayekata huku ameikanyaga mali kwa mguu au kuishikilia kwa mkono mtupu anaweka kidole au unyayo wake katika njia ya wembe.

Hasara ya tatu ni ya ubora. Upande wa nyuma wa stika una gundi, na gundi haichagui. Vumbi, nywele na chembe za mchanga zilizo sakafuni hunasa humo, kisha huonekana kama vipele juu ya kibao kilichokamilika. Mteja akiviona vipele hivyo, kazi inayofuata huipeleka Mbeya, na fedha iliyopaswa kuzunguka Vwawa, Ichenjezya au Ilolo inaondoka pamoja naye.

Vipimo huanzia kwa mtu na kwa mali

Meza nzuri haianzi kwa mbao zilizopo. Huanza kwa kupima vitu viwili: mwili wa atakayeitumia na upana wa mali itakayokatwa.

Kwa upande wa mwili, msimamishe fundi wima akiwa amevaa viatu vyake vya kazi, akunje mkono, kisha upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Uso wa meza uwe chini ya kiwiko kwa takriban sentimita 10. Kwa watu wazima wengi kipimo hicho huangukia kati ya sentimita 85 na 95. Ikiwa meza itatumiwa na watu wenye vimo tofauti, mpime yule atakayeitumia saa nyingi zaidi.

Kwa fundi anayetumia kiti cha magurudumu, vipimo hubadilika. Anahitaji nafasi ya magoti isiyopungua sentimita 70 kutoka sakafuni hadi chini ya fremu, na uso wa meza usiozidi takriban sentimita 82. Upande atakaokaa usiwekewe mbao ya chini ya kuunganisha miguu. Jambo hili liamuliwe kabla ya msumeno kugusa mbao, kwa kuwa kulirekebisha baadaye ni sawa na kujenga upya.

Kwa upande wa mali, karatasi nyingi ngumu, zikiwemo alukobondi, plaiwudi na karatasi za plastiki, huuzwa kwa futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Stika huja katika maroli ya upana mbalimbali, mengi yakiwa kati ya mita 1 na mita 1.52. Fleksi huja pana zaidi, na maroli makubwa hufikia mita 3.2.

Kutokana na vipimo hivyo, meza tunayoipendekeza ina uso wa sentimita 244 kwa 122, ambao ni ubao mmoja mzima usiokatwa. Upande mmoja inaongezewa ubao wa kukunjua wenye sentimita 80. Ubao huo ukiinuliwa, meza inakuwa na urefu wa sentimita 324, ambao unatosha kulalia upana wote wa fleksi ya mita 3.2. Ukishushwa, chumba kinabaki na nafasi ya kupita.

Meza isisukumwe ukutani. Mkono wa mtu aliyesimama hufika bila kuinama sana hadi umbali wa sentimita 60 au 70. Meza yenye upana wa sentimita 122 inafikika vizuri pale tu fundi anapoweza kuizunguka pande zote. Achia njia ya angalau sentimita 80 kila upande. Kama chumba ni kidogo mno, ni afadhali meza iwe nyembamba kuliko kuibana ukutani.

Vifaa vinavyohitajika

Kwa meza moja ya kimo cha sentimita 90, andaa vifaa vifuatavyo:

- Mbao za inchi 2 kwa 4 zenye urefu wa futi 12: vipande 6.
- Mbao za inchi 4 kwa 4 zenye urefu wa futi 12: vipande 2, kwa ajili ya miguu.
- Plaiwudi au ubao wa MDF wa milimita 18, futi 8 kwa 4: vipande 2.
- Hadibodi ya milimita 3, futi 8 kwa 4: kipande 1, kwa ajili ya uso wa kukatia.
- Bolti ndefu za milimita 10 za kupenya mbao mbili kwa pamoja, zikiwa na nati na washa: 24.
- Skrubu za mbao, ndefu na fupi, bawaba imara 3, gundi ya mbao, msasa, na vanishi.
- Bolti fupi nene 6 za kuweka chini ya miguu.

Zana ni msumeno, keekee au drili, tepu ya kupimia, skwea ya fundi, pima maji na kamba.

Neno moja kuhusu mbao. Mbao za msindano zinazouzwa katika Nyanda za Juu Kusini, zikiwemo zinazotoka mashamba ya miti ya Sao Hill wilayani Mufindi, zinafaa kabisa kwa kazi hii mradi ziwe zimekauka. Mbao mbichi itanyooka siku ya kununuliwa na kupinda baada ya mwezi, na meza itapinda pamoja nayo. Inua mbao na utazame kwa jicho moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama fundi atazamavyo mtutu. Iliyopinda iache dukani. Ukiweza, zipange ndani kwa majuma kadhaa kabla ya kuanza, ukitenganisha kila mbao na nyingine kwa vipande vidogo ili hewa ipite. Katika miezi ya mvua, tangu Novemba hadi Aprili, subira hii ina thamani kubwa zaidi.

Hatua za ujenzi

Hatua ya kwanza: kata miguu. Kata miguu 6 yenye sentimita 87 kila mmoja. Kipande kimoja cha futi 12 hutoa miguu minne, hivyo vipande viwili vinatosha na kubaki. Miguu sita ni bora kuliko minne, maana meza ndefu yenye miguu minne hulegea katikati, na uso uliolegea huufanya mkato upinde.

Hatua ya pili: unda fremu ya juu. Kata mbao mbili ndefu za sentimita 224 na tano fupi za sentimita 92. Mbao ndefu zikae nje na zile fupi zikae katikati yake, zikiwa zimesimama kwa ubavu: mbili katika miisho, tatu katikati, kwa mwachano wa takriban sentimita 55. Paka gundi na kaza kwa skrubu ndefu. Fremu iliyokamilika itakuwa na sentimita 224 kwa 102. Hii ni pungufu ya uso wa meza kwa sentimita 10 kila upande. Ukingo huo unaotokeza ni wa lazima, kwa kuwa ndipo klampu zitakaposhika, na ndipo vidole vya miguu ya fundi vitakapopata nafasi.

Hatua ya tatu: hakikisha fremu iko mraba. Pima kutoka kona hadi kona mkabala, kisha pima kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Kwa fremu hii kila kimoja kinapaswa kuwa takriban sentimita 246. Kikizidi kimoja, sukuma kona zake ndefu zikaribiane hadi vilingane, ndipo ukaze skrubu za mwisho. Usiruke hatua hii. Meza isiyo mraba itakudanganya kila siku kwa miaka yote utakayoitumia.

Hatua ya nne: funga miguu. Weka mguu mmoja ndani ya kila kona na mmoja katikati ya kila upande mrefu, ubavuni mwa mbao fupi ya kati. Toboa mbao na mguu kwa pamoja, pitisha bolti mbili kwa kila mguu, weka washa na ukaze nati. Tumia bolti, wala usitegemee misumari. Msumari hulegea kwa mtikisiko wa kazi, ilhali nati hukazwa tena. Faida nyingine ni kwamba meza ya bolti hufunguliwa na kuhamishwa siku kikundi kinapobadilisha chumba.

Hatua ya tano: unda fremu ya chini. Kata mbao nyingine mbili ndefu za sentimita 224 na tatu fupi za sentimita 92. Zifunge kwenye miguu kwa bolti, zikiwa sentimita 20 kutoka sakafuni. Mabaki ya kipande cha sita yatumike kama mikazo ya mshazari katika miisho yote miwili. Mshazari ndio unaoizuia meza kuyumba pale fundi anapovuta kisu kwa nguvu.

Hatua ya sita: sawazisha. Chini ya kila mguu toboa tundu na uingize bolti fupi, kichwa chake kikiwa chini. Ukiizungusha kwa spana, mguu unapanda au unashuka. Sakafu nyingi za vyumba vya biashara haziko sawa, na njia hii ni bora kuliko kusukumiza vipande vya boksi chini ya miguu. Weka pima maji juu ya fremu kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari.

Hatua ya saba: weka uso. Laza ubao mzima wa milimita 18 juu ya fremu, hakikisha umetokeza sentimita 10 kila upande, na uukaze kwa skrubu ambazo vichwa vyake vimezama ndani ya ubao. Kutoka ubao wa pili kata kipande cha sentimita 80 kwa 122. Hicho ndicho ubao wa kukunjua, kifungwe kwa bawaba tatu upande mmoja na kiegemezwe kwa mguu wa kukunja. Kipande kinachobaki hukatwa kwa upana wa fremu na kuwekwa chini kuwa rafu ya kuhifadhi mali. Lainisha kingo zote kwa msasa na upake vanishi juu, chini na kandoni. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hunyonya unyevu kwa upande wa pili na kujikunja.

Uso wa kukatia

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Ubao mkuu wa meza haukatiwi juu yake. Hubeba tu, na juu yake huwekwa uso mwingine unaotolewa na kubadilishwa.

Hadibodi ndiyo nafuu kuliko nyingine. Ifunge kwa skrubu chache za pembeni tu. Ikichakaa upande mmoja, igeuze. Ikichakaa pande zote mbili, nunua nyingine. Mifereji iliyokatwa na kisu haipaswi kuvumiliwa, kwa sababu wembe ukiingia katika mfereji wa zamani huufuata, na kuuacha mstari wako.

Kioo huwa laini na hakiachi mifereji, tena husafishika upesi. Lakini humaliza makali ya wembe haraka, huteleza, na kikivunjika ni hatari. Anayekichagua atumie kioo kilichoimarishwa, kilichosagwa kingo zake, na kilichokaa juu ya ubao uliosawazika kabisa.

Mkeka maalumu wa kukatia, wenye tabaka za plastiki zinazojifunga baada ya kisu kupita, ndio bora kwa stika. Una mistari ya vipimo, hauharibu wembe upesi, na hudumu. Gharama yake ni kubwa, hivyo kikundi kinaweza kuanza na mkeka mdogo upande mmoja wa meza na hadibodi upande mwingine. Mkeka huu usiachwe juani wala kuegemezwa ukutani, kwa sababu hujikunja na haurudi katika hali yake.

Uso wowote utakaochaguliwa, chora juu yake mistari kila baada ya sentimita 10, kwa urefu na kwa upana, kwa kalamu isiyofutika. Gundisha pia tepu ya kupimia ukingoni. Mistari hiyo itamwonesha fundi kwa mtazamo mmoja kama mali imekaa mraba kabla wembe haujashuka.

Rula na maroli

Rula ya shule haifai. Hupinda na kuchongwa na wembe. Nenda kwa fundi wa madirisha ya alumini uombe bomba la mstatili lililonyooka, lenye urefu unaozidi meza yako kidogo. Chini yake gundisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo huishika mali isiteleze, na kimo cha bomba huwa ukuta kati ya wembe na vidole. Katika miisho ya meza shika bomba kwa klampu mbili, na mkono wako wa pili utakuwa huru.

Kuhusu maroli, uzito wake usidharauliwe. Fleksi ya gramu 440 kwa mita ya mraba, yenye upana wa mita 3.2 na urefu wa mita 50, ina uzito wa takriban kilo 70. Mzigo huo usining'inizwe kwenye ukingo wa meza. Tengeneza stendi mbili za chuma zinazosimama sakafuni kando ya upande mrefu wa meza, na upitishe bomba la chuma katikati ya roli. Fleksi ivutwe kutoka hapo hadi juu ya meza. Roli la stika ni jepesi zaidi, nalo linaweza kukaa juu ya bomba fupi mwishoni mwa meza, upande usio na ubao wa kukunjua.

Usalama

Wembe butu ni hatari kuliko wembe mkali, kwa sababu humlazimisha fundi kusukuma kwa nguvu. Vunja ncha ya wembe mara inapoanza kukwaruza badala ya kukata. Kata kwa kupitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi, usijaribu kumaliza kwa mara moja. Simama kando ya njia ya kisu, kamwe usisimame mbele yake, na mkono unaoshika rula ukae nyuma ya kisu daima.

Ncha za wembe zilizovunjika ziwekwe katika kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo. Kopo likijaa, lifungwe kwa gundi na liandikwe neno "WEMBE" kabla ya kukabidhiwa kwa wazoa taka. Wembe uliotupwa mtupu katika mfuko wa taka hautamkata fundi. Utamkata mtu mwingine, anayeshika mfuko huo kwa mikono bila kujua kilichomo. Watoto wasiruhusiwe karibu na meza, na visu viwekwe mahali pasipofikiwa nao.

Mtu akikatwa, jeraha libanwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Jeraha likiwa la kina, au damu isipokoma, au kidole kikifa ganzi, aende kituo cha afya bila kuchelewa, na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mabaki yasichomwe

Fleksi na stika nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya PVC. Ikichomwa hutoa hewa kali yenye klorini pamoja na sumu nyingine zinazodhuru mapafu, na jirani hana namna ya kujikinga na moshi huo. Kwa hiyo mabaki yasichomwe nyuma ya kibanda wala kutupwa mtaroni, ambako huziba maji ya mvua. Chini ya meza weka mapipa mawili: moja la vipande vikubwa vinavyoweza kutumika tena kwa vibao vidogo, na jingine la taka za kupelekwa kwenye ukusanyaji wa kawaida. Bango lililokwisha kazi yake hufaa kufunika kuni, matofali au baiskeli, lakini lisianikiwe nafaka wala chakula kingine.

Mkopo, zabuni na vibali

Chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachokusudia kufanya kazi ya mabango kianze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye atakieleza masharti ya sasa ya usajili na maombi.

Katika andiko la mradi, meza iandikwe kama kifaa cha kwanza, pamoja na orodha ya vifaa na bei zake kutoka katika maduka ya mjini. Kikundi kinachoonesha kuwa kimepima chumba, kimehesabu mbao na kinajua upotevu wake wa mali kinasomeka tofauti na kile kinachotaja mashine peke yake. Tena, kikundi kinaweza kuanza kazi na meza hiyo kabla ya kununua mashine yoyote, kwa kuchapisha kwingine na kukata, kukunja kingo na kufunga hapa hapa. Rejesho la kwanza halitasubiri mashine.

Taasisi za umma hununua mabango na vibao kwa kufuata Mfumo wa Ununuzi wa Umma wa NeST, na sheria imetenga sehemu ya manunuzi hayo kwa ajili ya makundi maalumu. Kikundi kilichosajiliwa kiombe maelekezo ya kujiunga na mfumo huo katika ofisi za Halmashauri.

Mwisho, kibao kizuri kikisimamishwa mahali pasiporuhusiwa kitaondolewa. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Fundi mwema humwuliza mteja kama amepata kibali kabla ya kuchimba shimo, na humwelekeza Ofisi ya Mtendaji wa Kata ikiwa hajui pa kuanzia.

Ndugu mkazi, meza hii haihitaji umeme, haihitaji mtaalamu kutoka mbali, na fundi seremala wa mtaani anaweza kuikamilisha kwa siku chache. Kikundi kilichokwisha kuijenga, au kilichokwama njiani, kinakaribishwa kufika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yake kikiwa na vipimo vyake mkononi.